Mtu-samaki wa Hollywood na jina la mwanamke aliyemchora

MWANZONI mwa mwaka 1954, studio ya Universal ya Hollywood ilikuwa na filamu mpya ya kutisha na haikutaka kubahatisha. Filamu yenyewe ni Creature from the Black Lagoon, hadithi ya wanasayansi wanaokwenda Amazon kutafuta mabaki ya viumbe wa kale, wakakutana na mmoja aliye hai, nusu mtu nusu samaki. Watu wa matangazo wakapata wazo: kwa nini wasimtembeze nchini yule aliyelichora zimwi hilo? Alikuwa mwanamke, mrembo, mzungumzaji mzuri, na tena mwajiriwa wao wenyewe. Jina lake Milicent Patrick. Ziara ikabatizwa "Mrembo Aliyemuumba Mnyama".

Kabla hajafunga hata sanduku, bosi wake akaja juu. Bud Westmore, mkuu wa idara ya meikapu, hakutaka kusikia kwamba kuna mtu mwingine aliyemuumba mnyama yule. Studio ikalegea. Ziara ikapewa jina jipya, "Mrembo Anayeishi na Mnyama", na Patrick akaelekezwa kwamba popote atakapoulizwa amtaje Westmore. Akakubali. Akazunguka mji hadi mji na vinyago vyake, akahojiwa redioni, kwenye televisheni na magazetini, na akamtaja bosi wake kama alivyoagizwa. Aliporudi California, akakuta bosi ameshaamua kwamba hatamtumia tena.

Huko Marekani wapenzi wa filamu za kutisha wamekisimulia sana kisa hiki, na mara nyingi kinaishia hapo: bosi mwenye wivu, msichana aliyeonewa. Wivu ulikuwepo, na uonevu ulikuwepo. Lakini aliyeachia hapo hajakisimulia chote. Ndani yake kuna swali ambalo sinema haijalimaliza hadi leo: zimwi ni la nani? La aliyeliota, aliyelichora, aliyelichonga, aliyelivaa, au la yule aliyekuwa na ofisi yenye jina lake mlangoni?

Turudi nyuma kidogo. William Alland, mtayarishaji wa filamu hiyo, aliwahi kuwa mwigizaji. Katika Citizen Kane ya Orson Welles, filamu ya mwaka 1941, yeye ndiye yule mwandishi wa habari anayezunguka kutafuta siri ya maisha ya tajiri Kane. Enzi za utengenezaji wa filamu hiyo, Alland alihudhuria chakula cha jioni nyumbani kwa Welles, na hapo mpigapicha maarufu wa Mexico, Gabriel Figueroa, akasimulia habari za watu nusu samaki wanaosemekana kuishi katika mto Amazon. Wengine huenda waliicheka. Alland aliiweka moyoni kwa zaidi ya miaka 10, na mwaka 1952, akiwa sasa mtayarishaji wa Universal, akaiandika kwa muhtasari. Maurice Zimm akaupanua muhtasari huo, Harry Essex na Arthur Ross wakaandika mswada, na kazi ya kuongoza akapewa Jack Arnold.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa sura. Alland alitaka kiumbe mwenye huzuni ndani yake, anayekaribia ubinadamu, mtazamaji amwogope na papo hapo amwonee huruma. Vazi la kwanza likatengenezwa kwa mawazo hayo: mwili laini, unaoteleza, wa kufanana na mkunga. Wakalijaribu mbele ya kamera, likakataliwa. Halikutisha. Kila mtu akawa na maoni yake kuhusu kilichokosekana, na miaka mingi baadaye Arnold alisimulia kwamba jibu alilipata yeye. Alikuwa na cheti cha kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, kilichochorwa ile sanamu ya dhahabu ya mwanamume aliyesimama wima. Akawaambia wenzake kwamba wakimwekea yule mtu kichwa chenye matamvua, wakamwongezea mapezi na magamba, watakuwa wamempata kiumbe wao.

Hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria linanisisimua. Sanamu ya Oscar yenyewe ilibuniwa na Cedric Gibbons, mkuu wa idara ya sanaa wa studio ya MGM, na ikachongwa na George Stanley. Gibbons alikuwa na mkataba, tangu mwaka 1924, uliolazimu jina lake liandikwe katika filamu za studio hiyo zilizotengenezwa Marekani kama mkuu wa sanaa, awe ameigusa kazi au hakuigusa. Kwa utaratibu huo jina lake liko kwenye filamu takriban 1,500, na sanamu 11 za Oscar alizipokea yeye. Hakuna binadamu anayeweza kubuni mandhari za filamu 1,500. Waliozibuni walikuwa mezani ghorofa za chini, penseli mkononi. Ikiwa simulizi ya Arnold ni ya kweli, basi hata kiwiliwili cha mtu-samaki kimetoka kwa bwana mkubwa aliyezoea kusaini kazi za wengine.

Lakini wazo la mkutanoni si zimwi. Mtu anaweza kusema "mwekeeni matamvua", na mbele yake zikabaki sura elfu moja zinazowezekana. Yapo matamvua yanayochekesha na yapo yanayotia kichefuchefu. Ilihitajika mtu wa kukaa na karatasi, achore, afute, achore tena, mpaka macho, mdomo na shingo vikubaliane. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Patrick.

Alizaliwa El Paso, Texas, mwaka 1915, akapewa jina la Mildred Elizabeth Fulvia di Rossi. Baba yake, Camille Rossi, alikuwa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa kasri la San Simeon, California, mali ya tajiri wa magazeti William Randolph Hearst. Ni huyohuyo Hearst ambaye maisha yake yalimpa Welles mfano wa Kane. Kwa hiyo msichana aliyekulia kwenye vumbi la ujenzi wa kasri la Hearst ndiye aliyekuja kumpa sura kiumbe aliyezaliwa mezani kwa Welles. Alisoma katika chuo cha sanaa cha Chouinard, Los Angeles, na mwaka 1939 akaajiriwa na Disney, kwanza katika chumba cha wanawake waliopaka rangi, kisha katika uhuishaji wenyewe, mahali ambapo wakati huo wanawake walikuwa wa kuhesabika. Alifanya kazi katika Fantasia ya mwaka 1940, ikiwamo ile sehemu ambamo shetani mwenye mbawa anajifunua kutoka kileleni mwa mlima usiku. Anayeijua sehemu hiyo hatashangaa kwamba mkono uliopita pale ulikuja kuwa mkono wa mazimwi.

Baada ya Disney alikuwa mwanamitindo na mwigizaji wa nafasi ndogondogo. Aliyeiona michoro yake na kumchukua katika idara ya meikapu ya Universal ni Westmore mwenyewe, na hilo lisemwe wazi. Jicho la kutambua kipaji alikuwa nalo. Chini yake Patrick alishiriki katika kiumbe wa angani wa It Came from Outer Space, filamu ya mwaka 1953, na katika jitu lenye ubongo wa nje la This Island Earth, iliyotoka mwaka 1955. Anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa Hollywood kubuni mazimwi.

Mtazame mtu-samaki kwa karibu, picha ikisimama, ndipo utajua kilichofanyika. Mdomo ni mpana na mnene, wa samaki aliyetolewa majini, lakini pembe zake zinaelekea chini kidogo kama za mtu aliyekata tamaa. Matamvua yamepangwa tabaka kwa tabaka kuanzia mashavuni hadi shingoni, mithili ya kola ya nguo ya zamani, na yanaweza kufunguka na kufumba. Macho ni ya mviringo, hayana nyusi, hayana kope. Kifuani kuna magamba mapana yaliyolalia mahali ambapo misuli ya binadamu ingekuwa, kiasi kwamba ukitazama haraka unamwona mwanamume mwenye nguvu, ukirudia unamwona mnyama. Mikono ina utando na kucha. Hakuna sehemu hata moja iliyowekwa kwa ajili ya kujaza nafasi. Alland alitaka huzuni, wakuu wa studio walitaka kitisho, na kichwa kile kinatoa vyote viwili bila kugombana.

Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mwili wa mtu ni safari nyingine, na walioifanya nao wana haki yao. Jack Kevan aliyetengeneza vazi alikuwa mtu wa kazi hii tangu The Wizard of Oz ya mwaka 1939, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengeneza viungo bandia vya waliopoteza mikono na miguu. Mtu aliyewahi kumtengenezea mlemavu mkono anajua ngozi inapokunjamana na pale inapochubuka. Kichwa kilichongwa na Chris Mueller kwa udongo. Ukishakamilika mchongo, hutolewa kalibu ya plasta, na ndani ya kalibu hiyo humiminwa povu la mpira, huokwa, hubanduliwa, hupakwa rangi. Vipande hivyo ndivyo vilivyobandikwa juu ya vazi lililopimwa mwilini mwa mwigizaji.

Na waigizaji walikuwa wawili. Nchi kavu alivaa Ben Chapman, mwanamume mrefu wa zaidi ya mita 1.9, katika vazi la kijani cha kuvu. Chini ya maji, kwenye chemchemi ya Wakulla huko Florida, aliogelea Ricou Browning, na vazi lake lilielekea njano ili lionekane vizuri katika maji yenye giza. Chapman alikaa ndani ya mpira ule hadi saa 14 kwa siku na hakuweza kuketi. Joto likimzidi alijitumbukiza katika ziwa la studio au aliomba amwagiwe maji kwa bomba. Alikuwa haoni vizuri, na katika tukio la pangoni, akiwa amembeba mwigizaji mwenzake Julie Adams, alimgongesha kichwa ukutani. Browning naye hakuwa na mtungi wa hewa mgongoni, kwa sababu samaki hana mtungi. Alibana pumzi kwa dakika kadhaa, kisha akapokea hewa kutoka kwenye mpira uliokuwa nje ya picha, akaendelea.

Majina ya Chapman na Browning hayamo kwenye orodha ya waigizaji inayoonyeshwa katika filamu hiyo. Ukiitazama leo utasoma majina ya wote waliofukuzwa na zimwi, ila hutasoma nani alikuwa zimwi.

Sasa turudi kwa Westmore na ziara. Tunayajua haya kwa sababu barua za ndani za Universal hazikupotea, na watafiti wa filamu hiyo wamezitoa hadharani. Humo unaona wakubwa wa matangazo wakihangaika kumtuliza mkuu wa meikapu. Westmore alikuwa akizifuatilia habari za magazeti kuhusu ziara, na kila gazeti lililomwita Patrick muumbaji wa mnyama lilikuwa kosa jipya kwa mwanamke ambaye hakuliandika yeye. Machi 1954, Clark Ramsay wa Universal alimwandikia mwenzake Charles Simonelli kwamba Westmore anajiendesha kitoto katika jambo zima, kwamba Patrick amefanya kila lililowezekana kumpa sifa bosi wake katika mahojiano, na kwamba anasikitika kuona Westmore amekusudia kumwadhibu.

Isome tena barua hiyo kwa maana yake. Waajiri walijua. Walijua kwamba mfanyakazi wao hakukosea, walijua adhabu inakuja, wakaandika kwamba wanasikitika, kisha wakaiacha adhabu ipite. Patrick alikamilisha michoro ya filamu ya Captain Lightfoot na baada ya hapo Westmore hakumwita tena. Mwanamke yule hakuchora tena zimwi kwa ajili ya sinema. Hasira ya mtu mmoja naweza kuielewa, maana hasira ni ya binadamu. Kinachonikera mimi ni ile kalamu iliyoandika "nasikitika" na kuishia hapo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Westmore alizaliwa katika ukoo ambao jina lilikuwa ndiyo biashara. Baba yao, George, aliingia Hollywood enzi za filamu bubu, na wanawe sita wote wakawa mabingwa wa meikapu, wengi wao wakiwa wakuu katika studio mbalimbali kwa nyakati tofauti. Katika ukoo huo, jina kutajwa gazetini ni mtaji. Isitoshe Bud aliketi katika kiti ambacho kabla yake kilikuwa cha Jack Pierce, aliyempamba Boris Karloff kuwa jitu la Frankenstein mwaka 1931, kisha akatengeneza mfu wa Misri wa The Mummy na mbwamwitu wa The Wolf Man. Pierce alikuwa gwiji, na Universal ilimwondoa katika miaka ya 1940 kwa sababu alikuwa mzito wa kazi, hataki kuiacha njia yake ya kujenga sura kwa pamba na gundi kila asubuhi, wakati vipande vya povu la mpira vilikuwa vya haraka na rahisi. Aliyekuja baada yake alijua fika kwamba kiti kile hakimpendi mtu. Hofu hiyo inaeleza alichofanya. Haikihalalishi.

Upo utetezi unaorudiwa kila mjadala huu unapoibuka: zimwi ni kazi ya timu, kwa hiyo si haki kumwita mtu mmoja mwenye kazi. Nakubaliana na sehemu ya kwanza. Bila Kevan, mchoro wa Patrick ungebaki ukutani. Bila Mueller usingepata mashavu wala uzito, na bila Browning usingeogelea. Lakini angalia utetezi huu unamfikia nani. Neno timu lilitumika kumnyamazisha mchoraji, halikutumika hata siku moja kulipunguza jina la mkuu wa idara. Kwa takriban nusu karne, vitabu na magazeti yalimtaja Westmore kama baba wa mtu-samaki, na hakuna aliyesimama kusema "jamani, ilikuwa kazi ya timu". Kama ni timu, iwe timu kuanzia juu.

Tena si kwamba kutaja jina kungeifilisi studio. Tuzo ya Oscar ya meikapu haikuwa na kundi lake rasmi hadi filamu za mwaka 1981, ilipochukuliwa na Rick Baker kwa kazi yake katika An American Werewolf in London. Mwaka 1954 hapakuwa na sanamu ya kugombea. Kilichogombewa ni mstari mmoja wa maandishi.

Miaka 25 baada ya ziara ile, sinema ilipata zimwi jingine kubwa, na safari hii mchoraji alijulikana. Alien ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott, ilichukua kiumbe wake kutoka kwenye michoro ya H. R. Giger wa Uswisi. Studio ya Fox iliona michoro ya Giger inatisha kupita kiasi. Scott alipokifungua kitabu cha Giger kiitwacho Necronomicon aliona amepata alichokuwa akitafuta, akakishikilia. Giger akaja Uingereza, katika studio za Shepperton, akalichonga zimwi kwa mikono yake, akichanganya mifupa na udongo. Kichwa chenye mitambo ya kusogeza taya kilikuwa kazi ya Carlo Rambaldi wa Italia. Na ndani ya vazi aliingia Mnigeria, Bolaji Badejo, mzaliwa wa Lagos, aliyekuwa akisomea usanifu wa picha London. Alikutwa baa akinywa zake, na aliyemwona alivutiwa na urefu wake uliopita mita 2 na wembamba wa miguu na mikono yake. Hiyo ndiyo filamu pekee aliyoigiza. Alifariki Lagos mwaka 1992, angali kijana, kwa ugonjwa wa selimundu. Mwafrika anapoitazama Alien ajue kwamba umbo lile lililowanyima usingizi watu wa dunia nzima ni umbo la ndugu yake.

Mwaka 1980 Giger, Rambaldi na wenzao watatu wa athari maalumu walipanda pamoja kuchukua Oscar. Ilionekana somo limeeleweka. Kumbe bado. Mwaka 1986 James Cameron alipotengeneza filamu ya pili ya mfululizo huo, Giger hakuitwa. Malkia wa mazimwi alichorwa na Cameron mwenyewe na kutengenezwa na Stan Winston. Katika filamu ya tatu Giger aliitwa, akachora kwa bidii, kisha akaona kazi inakamilishwa na wengine bila yeye kuwa na sauti. Na ya nne, Alien Resurrection ya mwaka 1997, ilitoka bila jina lake kabisa, huku kiumbe akiwa ni yuleyule wake. Aliandika barua ya hasira, na alikuwa na haki ya kuiandika. Tofauti yake na Patrick ni kwamba Giger alikuwa na vitabu vyake, maonyesho yake na tuzo yake, kwa hiyo alipopiga kelele alisikika. Patrick alikuwa na mshahara wa studio tu, na mwenye mshahara huo alikuwa upande wa pili wa ugomvi.

Ustaarabu pia umewahi kuonekana katika kazi hii, na ni lazima niutaje. John Carpenter alipokuwa akitengeneza The Thing, iliyotoka mwaka 1982, mazimwi yote yalikuwa mikononi mwa kijana Rob Bottin, aliyekuwa na umri wa miaka 20 na ushee. Alifanya kazi bila kupumzika, mwishowe akalazwa hospitali kwa uchovu. Kazi ya zimwi la mbwa ikamwelemea, akaombwa msaada Stan Winston, ambaye alilitengeneza na wafanyakazi wake. Ulipofika wakati wa kuandika majina, Winston alikataa kuwekwa katika orodha ya wabunifu ili asimpunguzie kijana sifa ya kazi yake. Filamu inamshukuru tu mwishoni. Mwaka ule Winston alikuwa bado anajijenga, jina lingemfaa. Aliona kazi ni ya Bottin akaiacha iwe ya Bottin. Watu wawili wa fani moja, Westmore na Winston, wote wakiwa na uwezo wa kuamua jina la nani lionekane, na kila mmoja aliamua alivyoamua.

Patrick alifariki Roseville, California, Februari 1998, akiwa na miaka 82. Kati ya kuondoka kwake Universal na kifo chake, mtu-samaki alikuwa amepata filamu mbili za kumfuatia, mwaka 1955 na 1956, na ameuzwa kwa namna zote: vinyago, sanamu, mabango, fulana. Mwongozaji wa Mexico, Guillermo del Toro, aliyempenda kiumbe huyo tangu utotoni, alimpa maisha mapya katika The Shape of Water ya mwaka 2017, filamu iliyonyakua Oscar nne ikiwamo ya filamu bora. Na mwaka 2019 Mallory O'Meara, mwandishi ambaye mwenyewe ametayarisha filamu za kutisha, alitoa kitabu The Lady from the Black Lagoon, matokeo ya kumtafuta Patrick katika nyaraka, kwa jamaa zake na katika kasri lile la San Simeon. Tangu hapo vijana wengi wanaochora mazimwi wanamtaja kwa jina.

Kutajwa na mashabiki ni jambo jema, ila kosa lilifanywa na studio kwenye filamu, na kwenye filamu ndiko linakopaswa kusahihishwa. Linawezekana. Roman Holiday ilitoka mwaka 1953, mwaka mmoja tu kabla ya mtu-samaki, bila jina la Dalton Trumbo aliyeiandika, kwa sababu alikuwa amepigwa marufuku kwa siasa zake. Mwaka 1993 Oscar ya hadithi ile ilikabidhiwa kwa mjane wake, na mwaka 2011 chama cha waandishi wa filamu kilimrudishia rasmi sifa ya mswada. Trumbo alikuwa ameshafariki tangu mwaka 1976. Hakuna aliyesema muda umepita.

Universal ingali inamiliki mtu-samaki na ingali inamuuza. Itakapotoa nakala nyingine iliyosafishwa ya filamu hiyo, iongeze bango moja kabla ya picha ya kwanza: kiumbe alibuniwa na Milicent Patrick, akatengenezwa na Jack Kevan na Chris Mueller katika idara iliyoongozwa na Bud Westmore, akachezwa na Ben Chapman na Ricou Browning. Kulisoma bango hilo hakuzidi sekunde 10.